Binti yangu anadhani nilikwenda semina

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili: binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6. Mwaka jana nilikutwa na saratani ya titi la kushoto. Niliigundua mwenyewe nikiwa naoga, kitu kigumu kama kijiwe chini ya ngozi, hakiumi. Kwa kuwa hakiumi nilikaa nacho miezi mitatu. Siku ya kwenda kutolewa kinyama cha kupima nilikwenda peke yangu.

Nisikuchoshe: nilianza na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, kisha titi likaondolewa lote pamoja na tezi za kwapani, halafu mionzi. Sasa nameza vidonge vya tamoksifeni. Majibu ya mwisho yalikuwa mazuri, namshukuru Mungu. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna anayejua isipokuwa mume wangu na dada yangu.

Nywele zilipokatika nilisema nimechoka kusuka, nikajifunga kilemba, baadaye nikanunua wigi. Kazini nilisema vidonda vya tumbo. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, aliambiwa na mwanawe kwamba nina upungufu wa damu. Wakati wa upasuaji niliwaambia watoto nimekwenda semina ya wiki mbili, kumbe niko kwa dada yangu. Dawa nimezihamishia kwenye kopo la vitamini, nameza wote wakishalala. Siku wageni wakichelewa kuondoka usingizi hunipitia kabla sijameza. Mama mkwe huniuliza lini namletea mjukuu wa tatu, nami nacheka tu. Kwenye sidiria nimeshona mfuko kwa ndani, natia sponji. Mkono wa kushoto jioni huwa mzito na pete imeanza kunibana, lakini siwezi kukataa kubeba ndoo maana nitaulizwa sababu.

Mume wangu ni mtu mwema. Siku zile za kwa dada nilikuwa na mrija ubavuni na kichupa cha kukusanya majimaji. Kila asubuhi kabla ya kazi alikuja kukimwaga, akaandika kiasi kwenye kijidaftari ili daktari aone. Lakini tangu mrija utolewe hajanitazama tena kifuani. Nabadili nguo taa ikiwa imezimwa. Nikigusia habari ya kuwaambia watu, husema, "Hayo yamekwisha. Mambo ya ndani yabaki ndani."

Sasa juma lililopita binti yangu aliingia chumbani bila hodi. Nilikuwa nimejifunga taulo kiunoni. Akasimama, akaangalia, akarudi kinyumenyume, akafunga mlango taratibu. Hajasema neno mpaka leo. Jana usiku nikamkuta na simu yangu, akaiweka chini haraka. Nilipoifungua nikaona alichotafuta: "mtu aliyekatwa titi anaishi miaka mingapi".

Shangazi, nimwambie? Nikimwambia si atamwambia bibi yake? Na baada ya kudanganya mwaka mzima, naanzia wapi?

Mwenye Kilemba

*

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya ugonjwa, na pole ya pili ya kuugua huku ukiigiza mzima. Nina hakika hiyo ya pili imekuchosha zaidi.

Hukuniuliza habari ya mkono, lakini nitaanzia huko. Umeuandika kwa sentensi moja ukapita, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Majimaji ya mkono hupitia kwenye tezi za kwapani yakirudi kwenye mzunguko wa damu. Zikiondolewa, na mionzi ikipita juu yake, njia hupungua na maji hukaa. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuanza miezi kadhaa baada ya upasuaji, na kwa wengine huja baada ya miaka. Dalili zake za mwanzo ndizo hizo ulizonitajia: mkono mzito jioni, pete inabana. Kwa wengine hata mkono wa blauzi hukataa kupanda. Ukiwahiwa mapema hudhibitiwa vizuri kwa mazoezi, ukandaji maalumu na soksi ya mkono inayobana. Ukiachwa mpaka ngozi iwe ngumu, kazi huwa kubwa. Kwa hiyo usingoje tarehe ya kliniki. Nenda wiki hii wakuangalie, kwanza kuhakikisha ni hicho na si damu iliyoganda au kitu kingine, pili wakupe mtaalamu wa mazoezi. Na siku mkono ukiwa mwekundu, wa moto, au ukipata homa, usilale nayo. Hayo ni maambukizi na yanataka dawa siku hiyo hiyo.

Simaanishi mkono huo usiguse kitu tena. Siku hizi wanashauri kuutumia na kuujengea nguvu polepole, ukifundishwa. Lakini ndoo unayoibeba kwa sababu unaogopa swali, hayo si mazoezi.

Sasa kopo la vitamini. Tamoksifeni hupewa wale ambao uvimbe wao ulikuwa ukilishwa na homoni, na kazi yake ni ya miaka: kwa kawaida 5, wengine huongezwa mpaka 10. Aina hiyo ya saratani ina tabia ya kurudi hata baada ya miaka mingi ya ukimya, ndiyo maana unameza kila siku ingawa majibu ni mazuri. Siku moja iliyosahaulika haina neno, na kesho yake usimeze viwili. Lakini usiku wa wageni leo, usiku wa wageni keshokutwa, mwisho wa mwaka unakuta umeruka mwezi mzima. Weka kidonge karibu na mswaki, umeze asubuhi. Hakuna anayehesabu vidonge vya mtu asubuhi.

Na mjukuu wa tatu. Najua umecheka ili yapite, lakini daktari amekwambia kwamba dawa hii inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni? Wapo wanawake wanaofikiri inazuia mimba kwa kuwa siku zao zimevurugika au zimekatika. Haizuii. Unatakiwa kinga isiyo na homoni, kama kondomu au kitanzi cha shaba. Kama wewe mwenyewe, nasema wewe, unatamani mtoto mwingine, hilo huzungumzwa na daktari. Wapo wanaositisha dawa kwa muda, kwa mpango na tarehe. Haliamuliwi kwa kucheka sebuleni.

Umeona nilivyofika hapa bila kumgusa binti yako? Nilitaka uhesabu kwanza ukimya huu umekugharimu nini mpaka sasa. Watu hutaja siri na sitara kwa pumzi moja, mimi naona haviko sawa. Sitara unaivaa mwenyewe na kuivua mwenyewe, mbele ya umtakaye, saa uitakayo. Lakini siri yako imekugeuka, sasa yenyewe ndiyo imekuvaa wewe: inakupangia saa ya dawa, inakubebesha ndoo, inakuzimia taa. Sikushauri ukasimame barabarani utangaze. Una haki kamili ya kubaki na sitara yako. Hiyo siri ndiyo nataka tuivue.

Haya, binti.

Huyo mtoto anajua. Amekwisha kuona, amekwisha kutafuta, na pengine amekwisha kulia mahali ambapo hukumsikia. Lililobaki ni kama atajua akiwa na wewe au akiwa na simu. Na tazama alivyofunga mlango: taratibu. Mtoto wa miaka 13 amekuona hivyo, na jambo la kwanza alilofanya ni kukusitiri. Mnasitiriana ndani ya nyumba moja, kila mtu upande wake wa mlango.

Mwambie leo, kesho ikizidi. Usimwite kikao, ukimwita kikao atakuja ameganda. Chagua wakati mikono yenu ina kazi, mnakunja nguo kwa mfano, macho yanaweza kuangalia shuka. Usifanye usiku anapokwenda kulala, maana maswali yatamjia gizani na wewe umelala. Anza na uongo wako kwanza: "Nilikwambia nilikwenda semina. Sikwenda semina. Nilikuwa nafanyiwa upasuaji, nikaogopa kukwambia. Nisamehe." Jambo hili la kuomba radhi wazazi wengi hulikwepa, wakidhani litawashusha. Kwa binti wa umri huo hakuna kitakachokupandisha zaidi.

Kisha taja ugonjwa kwa jina lake. Sema saratani, sema titi. Usiseme "lile tatizo" wala "kidonda". Nikueleze kwa nini nashikilia hili. Mama yangu mdogo alifariki nikiwa msichana, na sisi watoto tuliambiwa anaumwa kifua. Kifua tu. Nilikua nikijua ni pumu au kifua kikuu. Miaka mingi baadaye daktari akaniuliza kama kwenye ukoo wetu kuna aliyeugua saratani ya matiti, nikajibu hakuna, tena kwa uhakika wa kuapa. Niliporudi nyumbani nikamsimulia mama, naye akaanza kulia. Kifua kile kilikuwa titi.

Binti yako ataulizwa swali hilo hilo siku moja, na anatakiwa awe na jibu la kweli. Asilimia 5 hadi 10 hivi ya saratani hizi hutokana na kasoro ya kurithi, na mama aliyeugua akiwa na umri mdogo kama wako ni sababu ya daktari kuuliza mambo ya ukoo kwa undani, wa upande wa baba pia. Haina maana kwamba ataugua. Wengi wanaougua hawana ndugu hata mmoja aliyewahi kuugua. Maana yake ni kwamba akiwa mtu mzima ataanza uchunguzi mapema kuliko wenzake. Madaktari wengi huhesabu miaka 10 kabla ya umri ambao mama aligundulika. Kwa sasa hana cha kupima.

Ila kuna kitu ambacho huenda kinamtesa na hatakitamka. Yuko katika umri wa kuota matiti. Titi linapoota huanza kama kidonge kigumu nyuma ya chuchu, kinauma, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine. Fikiria msichana aliyeona kovu lako, kisha akajigusa. Mwambie bila kungoja akuulize kwamba huo ni ukuaji.

Atakuuliza kama utakufa. Usimwahidi usichokimiliki, na usimwachie ukimya. Sema: "Matibabu yamekwenda vizuri, madaktari hawaoni saratani kwa sasa. Inaweza kurudi, ndiyo maana nameza dawa na kwenda kliniki. Kukiwa na habari mpya nitakwambia mimi mwenyewe, hutaisoma kwenye simu." Na kwa kuwa alitafuta miaka, mpe na hesabu: kufikia mwisho wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wanawake milioni 7.8 walio hai ambao walikuwa wamegunduliwa ugonjwa huu katika miaka 5 iliyotangulia. Milioni 7.8, wako kazini, wako sokoni, wanawagombeza watoto. Mwenzao mmoja anakunja nguo naye.

Akitaka kuona kovu, mwonyeshe. Asipotaka, usimlazimishe.

Mdogo wake wa miaka 6 anahitaji maneno machache zaidi. Mama aliumwa, ugonjwa unaitwa saratani, madaktari waliutoa. Hauambukizi, unaweza kunikumbatia. Hukuuleta wewe kwa utundu. Watoto wa umri huo hujibebesha makosa ambayo mtu mzima hawezi kuyawaza, kwa hiyo hilo la mwisho lirudie hata kama anaonekana hasikilizi.

Sasa hofu yako: atamwambia bibi yake. Huenda. Na kosa kubwa kuliko la semina litakuwa kumwambia, "Hii ni siri yetu, usimwambie mtu." Hapo utakuwa umempa mzigo ulioshindwa kuubeba wewe mwenye miaka 38. Bibi aambiwe siku hiyo hiyo, na aambiwe na mwanawe, wewe ukiwa umekaa pembeni. Ni mama yake, na yeye ndiye aliyesema upungufu wa damu. Nakudokezea pia: mwanamke mzee ameishi na mkaza mwana aliyefunga kilemba mwezi hadi mwezi, akakonda, nyusi zikapotea, kucha zikawa nyeusi, na bado unadhani aliamini ni damu? Pengine naye anasubiri mlango ufunguliwe ili aache kuuliza habari ya mjukuu, ambayo huenda ndiyo njia yake pekee ya kuuliza habari yako.

Tukija kwa mumeo, mimi nakishikilia kile kijidaftari. Mwanamume anayeona haya juu ya mkewe hawezi kuamka kila alfajiri kwenda kwa shemeji yake kupima majimaji yenye damu na kuandika mililita. Alipopewa kazi aliiweza. Mrija ulipotolewa kazi ikaisha, na hapo akabaki na woga peke yake bila kitu cha kuushikia. "Hayo yamekwisha" naisikia kama dua zaidi ya amri. Sitetei kila kitu. Taa imezimwa kwa miezi na aliyeumia ni wewe, na hilo mwambie kama lilivyo. Lakini usimwulize, "Unaniona bado mwanamke?" Swali hilo litamfanya atafute jibu sahihi. Mpe kazi tena. Mtaalamu atakufundisha namna ya kuukanda mkono. Mwambie aje nawe ajifunze, kwa sababu sehemu nyingine ni ngumu kuzifikia mwenyewe. Ukandaji huo hupita kifuani na mgongoni pia. Taa itawaka yenyewe.

Kazini usijisumbue sana. Chagua mtu mmoja mwenye kauli juu ya ratiba yako, umweleze kwa sababu kliniki hazijaisha. Wengine watapata kile unachotaka wapate. Kwa majirani na wale wa mizizi na vikombe vya maajabu, uwe na sentensi moja mfukoni: "Nashukuru, natibiwa." Ikirudiwa mara tatu hata mbishi huchoka. Na chochote cha kunywa watakachokuletea, muulize daktari kwanza. Baadhi ya mitishamba hugombana na tamoksifeni.

Mwaka 1974 huko Marekani, Betty Ford aligundulika ana uvimbe titini, mumewe akiwa hajatimiza hata miezi miwili katika urais. Enzi zile hata matangazo ya vifo yaliandika tu "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Yeye akaruhusu itajwe: saratani, titi, limeondolewa. Wanawake wakamiminika kwenda kupimwa. Mmojawapo aliyejipapasa baada ya kusikia habari hizo ni Happy Rockefeller, ambaye mumewe alikuwa ameteuliwa kuwa makamu wa rais. Akakuta uvimbe, na wiki chache tu baada ya Betty naye akafanyiwa upasuaji. Mimi hadithi hii huniacha nikifikiria yale mengine ambayo hayakuandikwa: kina mama waliokuwa wamekaa na vijiwe vyao miezi mitatu kwa kuwa haviumi, wakasikia mtu amelitaja jina. Wewe ulikaa miezi mitatu. Je, kuna mwanamke uliyemjua, hata mmoja, aliyewahi kulitaja mbele yako?

Nakuachia hilo, si kazi ya wiki hii. Wiki hii una mkono, una kidonge cha asubuhi, una binti na nguo za kukunja.

Na hiyo pete ivue leo, kabla haijakataa kutoka. Tumia sabuni. Usiivue kimyakimya ukaificha kwenye droo. Ivue mumeo akiwepo, na akiuliza kwa nini, mjibu.

Shangazi